Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Walipomzika arap Mibei kwake Boito mwezi uliopita, waliosimama kumsifu walikuwa wengi, na wote walisema jambo moja: kwamba aliendesha gari maisha yake yote bila kugonga mtu wala ng'ombe. Mchungaji alisema hivyo, mwanawe mkubwa akarudia, hata chifu ambaye naona hakumjua vizuri naye akasema. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, magoti yananiuma, nikawa najiuliza: kwani kazi ya dereva si ndiyo hiyo, kutogonga? Hakuna aliyetaja habari ya kabuti. Hawakuijua. Na kipaza sauti hakikunifikia, maana mwanamke wa Kisii mwenye mvi aliyekuja na kikapu cha ndizi, nani atamwuliza alikuwa nani kwa marehemu? Nikala wali wao, nikanywa chai yao, nikashukuru, nikaenda zangu. Njiani nikaona maneno yananikaa kooni kama mfupa wa samaki, na mtu wa umri wangu hafai kulala na kitu kooni. Basi nayasema hapa.

Mwaka ninaousema ulikuwa miaka michache baada ya Uhuru, wakati mameneja wa mashamba ya majani chai walikuwa bado Wazungu na sisi bado tulikuwa tunasimama wakipita. Habari ya nilikotoka na kilichonitoa niiache, haina utamu. Nilikuwa nimefundishwa na masista wa misheni kufunga vidonda na kupokea watoto, na nilichotaka ni kimoja tu, kuingia shule ya manesi. Shamba moja juu ya Boito lilikuwa linatafuta mwanamke wa kukaa nyuma ya gari la wagonjwa. Kabla yangu walikaa wanaume, lakini akina mama wa kambini walikuwa wamekataa katakata: mwanamke akishikwa na uchungu, walisema, afadhali azalie katikati ya majani chai kuliko kufungiwa ndani ya gari na kijana wa kiume. Na wengine walizalia huko kweli, na wengine hawakurudi nyumbani. Ndipo meneja akasema atafutwe msichana. Bwana Zakayo, dresa mkuu wa dispensari, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinipa masharti huku anapangusa miwani. "Ukae mwaka mzima, binti. Mwaka ukiisha salama, mimi mwenyewe nitakusemea kwa wakubwa wa shule ya manesi. Ukitoroka kabla, usinitaje hata kwa jina." Nikasema ndiyo haraka haraka. Mwaka ni nini, nikajiambia. Kumbe.

Nilipewa chumba kilichobanwa kati ya dispensari na gereji. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa mawe, upande mwingine mabati, na harufu ya petroli ilikuwa inapita kwenye mabati ikakutana na ya spiriti iliyokuwa inatoka upande wa pili, zikafanya makao yao kwenye blanketi langu. Kulikuwa na kitanda cha chuma, kasha la mbao la kuwekea nguo, na dirisha linalotazama mfereji ambapo akina mama wa kambi walichota maji. Nje ya ofisi kilining'inia kipande cha reli. Kikigongwa, gari linaondoka. Sheria yangu ilikuwa moja: nisiende mahali ambapo sitasikia reli. Fikiria basi. Mkutano wa kanisa ukifanyika Kabianga, mimi sipo. Soko la Bomet nililisikia tu kwa waliorudi na mahindi na vyungu. Nilijua hasa mahali sauti ile inapoishia, kwa sababu nilipajaribu: upande wa mto ilikuwa kwenye jiwe moja jeupe, upande wa kiwanda ilikuwa kwenye mti wa kwanza wa mkaratusi. Zaidi ya hapo ni majani chai, yamekatwa sawasawa kama meza mpaka macho yachoke. Watu wa siku hizi huja kupiga picha wakisema pazuri. Ni pazuri, sikatai. Lakini hata mahali pazuri panachosha ukiwa umekatazwa kutoka.

Hapo bado sijasema gari lenyewe. Lilikuwa Landrova ya kijani, nyuma imejengwa kwa bati, yenye machela upande mmoja na benchi upande wa pili. Vioo vyake vilikuwa vidogo, viko juu, vimepakwa rangi nyeupe ili watu wasichungulie. Na mlango wa nyuma ulifunguka kwa nje tu. Zamani ulikuwa na kishikio cha ndani, lakini mgonjwa mmoja wa malaria iliyompanda kichwani aliufungua gari likiwa linakwenda, akaruka, akafa. Wakakitoa kishikio wakaziba tundu lake. Kwa hiyo kila safari arap Mibei alinifungia, akavuta komeo, na mimi nikakaa ndani na mgonjwa mpaka yeye atakapoamua kufungua. Mara ya kwanza nilipolisikia komeo likilia, niliusukuma mlango kwa viganja vyote viwili. Nilimwambia Bwana Zakayo tuweke kishikio. "Mvumilivu hula mbivu," akasema. Nikamjibu kwamba zikikaa sana huoza pia. Alicheka, akaendelea kupangusa miwani, na kishikio hakikuwekwa.

Arap Mibei wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mrefu, mkimya, masikio yake yametobolewa na kuvutwa kwa desturi ya zamani ya Wakipsigis. Kampuni ilikuwa imempa kabuti zito la rangi ya majivu kwa ajili ya baridi, na sikuwahi kumwona bila hilo kabuti, jua liwake lisiwake. Kati ya kiti chake na sisi wa nyuma palikuwa na kidirisha, lakini alikuwa amekipigilia ubao kwa misumari kwa mkono wake mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini, alinieleza kama anayemweleza mtoto kwamba jua huchomoza mashariki. "Kwetu mwanamume hapana kaa mahali mama nazaa. Hapana ona, hapana sikia karibu. Mimi nataka fanya kazi ya kampuni, lakini mimi hapana tupa mambo ya baba yangu." Basi tulikuwa na utaratibu wetu. Uchungu ukifika ule wa mwisho, nagonga ubao. Yeye anasimamisha gari, anashuka, anaenda zake mbali mpaka kwenye majani chai, anatupa mgongo. Mtoto akizaliwa, napiga vigelegele, kama wanawake wa kwao na wa kwetu wanavyofanya. Akivisikia anajua kazi ya wanawake imekwisha, anarudi, anafungua kuuliza ni mvulana au msichana, kisha anaendesha. Kufungua mlango kabla hajaondoka alikataa. Kufungua ni kuona, alisema, na mtu akishaona hawezi kutoona tena.

Nisidanganye, utaratibu ule ulifanya kazi. Katika miezi ya kwanza nilipokea watoto kando ya barabara, na kila mara niliinua sauti ikatoka kwenye bati lile, na baada ya kitambo nikasikia viatu vyake kwenye kokoto na mluzi wake mdogo wa furaha. Wachumaji waliokuwa karibu walikuwa wanaitikia vigelegele kutoka mashambani, vikapu mgongoni, bila kujua ni mtoto wa nani. Hapo nilisahau komeo. Jioni Mibei alikuwa ananiletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi, na mimi nampikia ile mboga chungu ambayo sisi tunaiita chinsaga na wao wanaiita isagek, na kila mmoja anadai ni ya kwao. Tulikula tumekaa mlangoni pa gereji, yeye kwenye tairi, mimi kwenye debe. "Babu yako naiba ng'ombe ya babu yangu," aliniambia siku moja kwa uso mkavu kabisa. Nikamwambia babu yangu aliwachukua kwa huruma, walikuwa wamekonda. Aliacha kutafuna akanitazama, kisha mabega yakaanza kutikisika. Nafikiri ndiye mtu pekee aliyenichekesha mwaka ule.

Lakini chakula kikiisha nilirudi chumbani, na usiku mabati yakanibana tena. Nilikuwa nahesabu mwezi kwa mwezi. Nilisikia wasichana wa umri wangu wakipita kwenda ngomani na nikajua nikiwafuata tu reli italia. Nilianza kuota nimefungiwa garini na hakuna mgonjwa, ni mimi peke yangu, na kila nikigonga Mibei anadhani ni mambo ya wanawake.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Kwetu huku alasiri ni ya mvua, hilo halishangazi mtu, lakini siku ile ilikuja mvua ya mawe, ile inayochana majani chai mpaka shamba zima linanuka kama birika lililochemka. Mgonjwa alikuwa Chelangat, mchumaji wa kambi ya chini, mimba yake ya kwanza. Nilimfahamu kwa sababu alikuwa wa kwanza kunisalimia pale mferejini, akanifundisha kuitikia salamu yao ya chamgei bila kuimba kama Mkisii. Mama mkwe wake alitaka kupanda naye lakini Bwana Zakayo hakuruhusu jamaa garini. Mibei akavuta komeo. Tulipofika karibu na banda la kupimia majani, kichwa cha mtoto kikaonekana, nikagonga ubao, gari likasimama. Nilisikia mlango wake ukifunguka, viatu vikaenda. Alikuwa anakimbilia bandani kujikinga, na sikumlaumu.

Mtoto alitoka amezungukwa shingoni na kitovu. Nilikitoa, nikamfuta kinywa, nikampulizia, nikamsugua mgongo, nikamgeuza, nikampulizia tena. Masista walikuwa wametufundisha usikate tamaa upesi, na sikukata upesi. Alikuwa mvulana, mzuri, mzito, na hakuwahi kuvuta hata pumzi moja. Nilimfunga kwenye taulo nikamlaza kwenye benchi. Nilipogeuka kwa mama yake, damu ilikuwa imeshapita kwenye turubai la machela, inadondoka sakafuni. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka lakini damu haikukoma. Nikamkanda tumbo kwa nguvu zangu zote, kama walivyotufundisha, ikapungua, nikiacha kidogo inaanza tena. Dawa ya kuizuia ilikuwa imefungiwa kabatini kwa Bwana Zakayo. Hospitali haikuwa mbali, gari likikimbia. Na anayeliendesha alikuwa ametupa mgongo, anangoja furaha.

Niligonga ubao kwa kiatu. Nikagonga bati kwa ndoo mpaka ndoo ikapinda. Nikamwita kwa jina, nikamwita kwa Kiswahili, Kikisii, nikaita kila aliyekuwepo duniani. Juu mawe yalikuwa yanapiga bati kuliko mimi. Na hata kama alisikia, kwani angesikia nini? Kelele, na mwanamke analia. Ndicho alichokuwa amezoea kusikia, ndicho kilichomfanya aende mbali zaidi. Nikatazama mlango ule na tundu lililozibwa. Nilielewa pale, kwa baridi kabisa, kwamba kuna sauti moja tu itakayomrudisha mwanamume yule, na kwamba kwetu na kwao hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuitoa mbele ya mtoto aliyekufa.

Mkono mmoja nilikuwa nimekandamiza tumbo la Chelangat. Nikafumba macho, nikainua kichwa, nikapiga vigelegele. Nilivipiga vikali, virefu, kama mtoto yule alikuwa wa mfalme. Nilinyamaza nikapumua, nikavipiga tena. Na nilipofumbua macho, Chelangat ambaye nilidhani amezimia alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Lakwet," akasema kwa sauti ndogo. Mtoto. Akanyoosha mikono yote miwili apewe. Nilimkanda tumbo, na mikono yake ilikaa hewani ikingoja, mpaka ikashuka yenyewe kwa kuchoka.

Mibei alikuja mbio kwenye mawe yale. Akafungua komeo huku uso umejaa tabasamu, macho ameyafumba kwa heshima, akauliza, "Mvulana?" Nikamwambia, "Endesha." Alifumbua macho kwa ile sauti yangu. Aliona kila kitu, sakafu, mikono yangu, taulo kwenye benchi. Tabasamu lilikaa pale kidogo zaidi, maana uso huchelewa. Kisha akafunga mlango, na gari lile lilikwenda kama ambavyo sikujua linaweza kwenda. Chelangat alifika akiwa hai. Walimwongezea damu, akaishi. Tuliporudi, Mibei aliosha sakafu mwenyewe, akakataa nimsaidie.

Habari haikai kambini. Jioni ya pili niliwasikia mferejini, chini ya dirisha langu, na ndoo zao zinajaa polepole. Mmoja alisema Mkisii amepigia maiti vigelegele. Mwingine akasema huyo ameita kifo kije kwenye watoto wetu wote, na mimi tumbo langu halitaingia kwenye gari lile, hata nikifa. Wa tatu, mtu mzima kwa sauti yake, alisema labda msichana hakuwa na namna. Wakamnyamazisha. Niliketi kitandani nimeshika sahani ya ugali, nisiweze kutoka, kwa sababu kutoka ni kupita mbele yao. Kuanzia hapo reli ilipogongwa ilikuwa kwa wanaume tu, aliyejikata na panga, aliyeungua kwenye tanuri za kiwanda. Akina mama walirudi kuzalia walikokuwa wanazalia. Kazi niliyoitiwa ilikuwa imekufa mikononi mwangu, na bado sikuruhusiwa kwenda ng'ambo ya jiwe jeupe.

Chelangat alipotoka hospitalini alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, anatembea kama mzee. Nilimkaribisha chai, akabaki amesimama. "Wewe nipa mimi mtoto," akasema, "halafu wewe nyang'anya." Nilitaka kumweleza mlango, komeo, banda, mvua. Nilianza kueleza, na katikati nikaona haya yote ni kweli na hayamsaidii. Nikaweka birika chini. Alinitazama kidogo, akaondoka. Watu huniuliza kwa nini kwenye arusi za wajukuu zangu napiga makofi tu. Nawaambia koo limezeeka. Sijutii nilichofanya, ningekuwa pale leo ningefanya vilevile. Lakini sauti ile nilikuwa nayo kwa ajili ya furaha, nikaitumia yote siku ile.

Siku hiyo hiyo nilifunga nguo zangu kwenye shuka. Potelea mbali shule, potelea mbali Bwana Zakayo. Mibei alinikuta nimekaa juu ya furushi, nangoja mvua ipungue. Hakuuliza naenda wapi. Alikaa kwenye kizingiti, akatazama mvua. "Siku ile mimi nasikia wewe napiga bati," akasema. Nikamgeukia. "Nasikia. Mimi nasema, hiyo ni mambo ya wamama, na mimi nangoja." Akakung'uta maji kwenye mkono wa kabuti. "Wewe napiga mlango, na mimi nasikia, na mimi nangoja furaha." Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwa nimeijua mpaka dakika ile, na nikamwambia. Nilimwambia desturi yake ilikaribia kuua mtu wa kwao. Nilimwambia nimechoka kufungiwa na watu wasiotaka kuona. Alisikiliza yote bila kunikatiza, akainuka, akaenda. Mvua haikupungua, na giza likaingia nikiwa bado juu ya furushi. Asubuhi reli ikagongwa, nikaacha furushi pale lilipo, nikaenda. Mwili ulikuwa umezoea.

Alikuwa ni mama mmoja ambaye mumewe alimleta mpaka garini kwa kumbeba, naye anamwambia mumewe mbele yangu kwamba afadhali afe shambani. Nilipanda. Mibei akafunga mlango, na katika mwanga ule mdogo nikaona kitu kinang'aa kwenye bati, pale tundu lilipozibwa. Ni kishikio, kipya, cha ndani, bado kina alama za tupa. Alikuwa amekwenda kwa fundi wa kiwanda, na Bwana Zakayo hakuulizwa. Nilikigusa, komeo la nje likasogea. Kidirisha nacho kilikuwa wazi, ubao umeng'olewa, misumari imeacha matundu. Tulipofika njiani uchungu ukapanda, nikagonga kwa mazoea ingawa hapakuwa na ubao wa kugonga. Gari likasimama. Nikasikiliza mlango wake ufunguke, na viatu vyake viondoke.

Haukufunguka. Nikachungulia kidirishani. Arap Mibei alikuwa amekaa kwenye kiti chake, injini inaunguruma, mikono yote miwili kwenye usukani, na kabuti amelivuta likamfunika kichwa kizima, kama mtu aliyenyeshewa. Kutoka chini ya kabuti akasema, "Mimi hapana ona kitu. Lakini iko hapa." Yule mama kwenye machela aliacha kulia akauliza ni nini kile. Nikamwambia ni dereva. Alitazama kabuti lile, na Mungu anisamehe, tukaanza kucheka wote wawili, yeye katikati ya uchungu. Mtoto alipotoka alilia mwenyewe, na mimi sikupiga vigelegele. Kisha kabuti likauliza, "Tayari?" Nikasema tayari. "Mzima?" Nikasema mzima, na mama yake pia. Likavuliwa, tukaenda.

Huo ndio ukawa utaratibu wetu mpya, na yule mama aliusambaza kambini kwa kicheko kuliko ambavyo mimi ningeusambaza kwa maelezo. Walianza kupanda tena, mmoja mmoja. Wanaume walimsema Mibei, hilo nalijua. Walimwita dereva wa kitandani, na wazee fulani hawakumpa tena mrija wake kwenye chungu cha pombe kwa muda. Hakuniambia hata siku moja, nilisikia mferejini. Chelangat alizaa tena, miaka ya baadaye nilipokuwa nimerudi na cheti cha unesi, na kila mara aliagiza gari letu. Jambo lile hatukulizungumza kamwe. Alikuwa ananishika kifundo cha mkono tangu komeo linapovutwa mpaka mtoto alie, na alama za kucha zake nilikuwa nazo wiki nzima.

Mwaka ulipoisha Bwana Zakayo alinisemea vizuri, kama alivyoahidi, na nikaenda shule ya manesi. Nilipita ng'ambo ya mti wa mkaratusi nikiwa nyuma ya lori la majani, nikaangalia nyuma mpaka shingo ikauma, jambo lililoniudhi sana. Nilipohitimu niliulizwa nataka wodi gani. Nikasema nataka gari, lile lile la arap Mibei. Wenzangu walinicheka, kwamba mtu aliyetoka kwenye bati anarudi kwenye bati. Nimefanya kazi hiyo mpaka mvi, nimeona magari yenye redio, yenye oksijeni, nimefundisha vijana ambao wangenicheka wangejua tulianza na ndoo. Kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kujaribu mlango kwa ndani. Wanafikiri ni uzee.

Nilimwona Mibei mara ya mwisho wodini, siku chache kabla hajafa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja. Wanawe walikuwa wametoka kutafuta chakula, na manesi walikuwa wachache, wanakimbia huku na huku. Nilipofika kitandani nilinusa kabla sijaona, kazi hii hukufundisha. Alikuwa amejichafua, na alijua kwamba najua. Aligeuza uso ukutani, ule upande ulio mzima, na jicho lilikuwa limejaa maji. Kwa mtu kama yeye, mwanamke ambaye si wa nyumbani mwake kumwona vile ilikuwa afadhali kifo. Nikamwambia nitamsafisha. Akatikisa kichwa. Nikasema tena, akashika shuka kwa mkono uliobaki, akanishinda nguvu.

Basi nikavuta pazia. Nikaleta beseni na maji ya moto. Nikavua leso yangu begani, nikajifunika kichwa chote mpaka shingoni, nikamtafuta kwa mikono. Mwanzoni sikujua kama ameelewa. Kisha nikasikia, chini ya mkono wangu, mabega yake yakianza kutikisika, kama siku ile ya ng'ombe waliokonda. Nikangoja mpaka aachie shuka.

"Mimi hapana ona kitu, Mzee," nikamwambia. "Lakini iko hapa."